Shule za Kikatoliki zilizoingia kwenye historia ya michezo: St. Anthony, DeMatha, De La Salle au Iten?

Mwalimu wa Zamu (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Kikatoliki, na michezo pia iko mikononi mwangu. Siku ya michezo inakaribia, na mkuu wa shule amenipa dakika 20 mbele ya wanafunzi wote niwasimulie habari za shule moja ya Kikatoliki ambayo michezo yake iliingia kwenye historia. Moja tu, ili watoto waondoke nayo kichwani.

Nimesoma, nimechuja, nimebaki na hizi nne.

St. Anthony, Jersey City, jimbo la New Jersey. Ilianza 1952, shule ndogo ya parokia iliyoendeshwa na masista Wafelisiani. Mchezo wao ni mpira wa kikapu. Kocha Bob Hurley aliishika timu mwaka 1972 akawa nayo hadi mwisho: mataji 28 ya jimbo, na mechi alizoshinda zinazidi 1,100. Shule haikuwa na ukumbi wake wa michezo. Mwaka 2017 ikafungwa kwa kukosa fedha.

DeMatha, Hyattsville, Maryland. Ilianzishwa 1946 na mapadre wa Shirika la Utatu Mtakatifu. Kikapu tena. Kocha Morgan Wootten, kuanzia 1956 hadi 2002, alishinda mechi 1,274 na kufungwa 192.

De La Salle, Concord, California. Ilifunguliwa 1965 na mabruda wa La Salle. Mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti. Walishinda mechi 151 mfululizo, kuanzia msimu wa 1992 hadi walipofungwa 2004.

St. Patrick's, Iten, Kenya. Mabruda wa Mtakatifu Patrisi kutoka Ireland. Riadha. Hapa orodha ya mabingwa ni ndefu mno, nitawaachia wanaoijua vizuri.

Nikiri kwamba moyo wangu uko St. Anthony, na sababu ni ule ukumbi. Vijana wale kwa miaka mingi walifanyia mazoezi White Eagle Hall, ukumbi wa mtaani uliokuwa ukichezewa bingo. Kabla ya kugusa mpira, kwanza waondoe meza na viti. Wanafunzi wangu wanacheza kwenye uwanja wa saruji wenye ufa katikati na pete isiyo na wavu. Nikisimulia habari za meza za bingo wataelewa bila maelezo.

Kinachonisumbua ni mwisho wake. Hadithi inayoishia kwa shule kufungwa nitaipelekaje kwa watoto siku ya furaha?

Leteni hoja, tarehe, na masahihisho kama nimekosea. Nawasilisha.

---

Kikapu Daima

Mkuu, hizo shule mbili za kikapu nimezifuatilia kwa miaka. Ningekuwa wewe ningechukua DeMatha, na ndani ya DeMatha ningechukua usiku mmoja tu: tarehe 30 Januari 1965.

Power Memorial ya New York, nayo ya Kikatoliki, ilikuwa imeshinda mechi 71 mfululizo. Katikati yao alisimama kijana wa takriban futi saba aitwaye Lew Alcindor, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Kareem Abdul-Jabbar. Mechi ilichezwa Cole Field House, ukumbi wa Chuo Kikuu cha Maryland, mbele ya watu 12,500. Watu wote hao kwa ajili ya sekondari mbili!

Mwaka mmoja kabla, DeMatha walikuwa wamefungwa na Power hao hao kwa pointi tatu. Wootten akakaa akafikiri. Wachezaji wake walikuwa wanajua kurusha, ila hawakuwa wamewahi kurusha juu ya mkono ulio mrefu kiasi kile. Mpira wa kawaida kwao, kwa Alcindor ulikuwa wa kuchuma tu. Basi mazoezini akampa mchezaji raketi ya tenisi, ainyooshe juu ya kichwa na kuzuia kila mpira unaokuja. Siku za kwanza mipira ikawa inagonga nyuzi. Kidogo kidogo wakaanza kuupandisha juu zaidi, upinde mkubwa, hadi ukapita juu ya raketi na kushuka kwenye pete.

Usiku ule walishinda 46 kwa 43. Alcindor alipata pointi 16.

Raketi moja hiyo mkuu, unaishika mkononi unawaonyesha. Nani atasahau?

Na kuna jambo la kwako binafsi. Wootten alikuwa mwalimu wa historia pale DeMatha. Alipoanza ukocha, akiwa kijana, alipewa timu ya besiboli ya kituo cha watoto yatima Washington. Walicheza mechi 16 na kufungwa zote 16. Kazi ya maisha yake ilianzia hapo.

---

Mwanaseminari81

Salaam Mwalimu. Mpira wa Kimarekani hauna wapenzi wengi huku kwetu, naelewa kama De La Salle umeiweka tu kukamilisha orodha. Naomba uitazame tena, kwa sababu ndiyo pekee hapo ambayo msingi wake ni imani yenyewe, si jina la mtakatifu lililoandikwa getini.

Bob Ladouceur alifika 1979, kijana wa miaka 25, na kazi aliyofanya mchana ni kufundisha somo la dini. Shule haikuwa imewahi kumaliza msimu ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Alipostaafu mwanzoni mwa 2013 alikuwa ameshinda 399, amefungwa 25, sare 3.

Lakini nachotaka uone ni kadi. Kila wiki kila mchezaji aliandika ahadi zake kwenye kadi ndogo: atafanya nini mazoezini, nini kwenye chumba cha vyuma, nini kwenye mechi. Kisha anasimama mbele ya wenzake na kuisoma kwa sauti, akimwambia mwenzake mmoja anayemkabidhi ahadi hiyo. Wiki inayofuata mwenzake ndiye anasimama kusema kama imetimizwa. Nimesoma seminari, najua ilivyo vigumu kijana wa miaka 17 kusimama mbele ya wavulana wenzake na kusema "wiki iliyopita sikutimiza". Mazoezi ya mwili ni rahisi kuliko hilo.

Na siku ya mechi waliingia uwanjani wawili wawili, wameshikana mikono.

Mfululizo ule ulikatika tarehe 4 Septemba 2004 kule Seattle, Bellevue walipowafunga 39 kwa 20. Wiki tatu tu kabla, kijana aliyekuwa amemaliza shule mwaka huo na alikuwa siku mbili tu kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Oregon aliuawa kwa risasi huko Richmond, karibu na kwao. Kwa hiyo waliingia kwenye mechi ile wakitoka mazikoni. Mimi naona ile 39 kwa 20 ni sehemu ya utukufu wao, si doa.

---

Jicho la Pembeni

Wakuu samahani, nitatoka kidogo nje ya mstari, lakini bila hili ulinganisho hautakuwa wa haki.

Marekani shule ya serikali huchukua watoto wa eneo lake. Mpaka umechorwa, mtoto wa ng'ambo ya barabara ni wa shule nyingine. Shule ya binafsi haina mpaka. Kijana mrefu anayetokea umbali wa saa nzima anaweza kuandikishwa. Kwa hiyo tunaposema "mataji 28" tukumbuke yalishindwa katika hali gani.

Hilo si langu peke yangu. Jimbo la Illinois tangu 2005 huzidisha idadi ya wanafunzi wa shule zisizo na mipaka kwa 1.65 kabla ya kuzipanga madaraja, ili zikutane na shule kubwa zaidi. New Jersey ina mashindano ya shule zisizo za serikali peke yake. DeMatha hawachezi kabisa ubingwa wa jimbo pamoja na shule za serikali. Wako kwenye ligi ya shule za Kikatoliki za Washington na vitongoji vyake.

Sisemi waliiba. Nasema usiwaambie watoto kwamba ni sala na bidii tu.

---

Kikapu Daima

@Jicho la Pembeni hoja yako ina uzito na naikubali nusu. Kutokuwa na mpaka kunakuletea wachezaji. Hakukupi miaka 46 ya kocha mmoja. Wootten mwaka 1980 aliitwa na Chuo Kikuu cha North Carolina State akakataa. Hurley naye aliitwa vyuoni si mara moja, akabaki. Alikuwa afisa wa mahakama anayesimamia vijana walio kwenye kifungo cha nje, anatoka kazini jioni, anakwenda mazoezini. Shule ngapi za binafsi hazina mipaka na bado hazina hata taji moja?

Tena ukisoma takwimu za Wootten usiishie kwenye ushindi. Kuanzia 1961 hadi 1990, kila mchezaji wake wa mwaka wa mwisho, hata yule wa benchi, alipata ufadhili wa chuo. Huyo wa benchi ndiye ananigusa mimi.

---

Chipukizi wa Akron

Mbona hamjaitaja St. Vincent–St. Mary? Shule ya LeBron James! Mataji ya jimbo la Ohio 2000, 2001 na 2003. Mechi zao zilionyeshwa kwenye televisheni nchi nzima, akiwa bado ni mwanafunzi. Wanafunzi wako wote wanamjua LeBron, wengine ulionao hapo itabidi uanze kwa kuwatambulisha.

---

Mwanaseminari81

@Chipukizi wa Akron ni kweli wanamjua, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mwalimu akisema LeBron, dakika 20 zitakuwa za LeBron. Shule ile ilizaliwa 1972 kwa kuunganisha St. Vincent na St. Mary, ina historia yake nzuri, lakini nani ataisikia?

---

Mama wa Wanne

Shikamooni walio wakubwa, na wengine habari zenu.

Mwalimu, nimesoma kuanzia juu hadi hapa na nina swali moja. Shuleni kwako kuna wasichana?

Nauliza kwa sababu DeMatha ni ya wavulana. De La Salle ni ya wavulana. St. Patrick's ni ya wavulana. St. Anthony ilikuwa ya mchanganyiko, lakini kila mlichoandika hapa juu yake ni timu ya wavulana. Binti yangu wa tatu anarusha mkuki. Ameshakaa kwenye sherehe nyingi za michezo akisikiliza habari za kaka zake. Anapiga makofi, anarudi nyumbani kimya.

Sina shule ya kupendekeza. Naomba tu uliweke kwenye mizani.

---

Mwalimu wa Zamu

Mama, asante sana. Ndiyo, ni ya mchanganyiko, na wasichana ni zaidi ya nusu. Nakiri mbele ya wote kwamba wiki tatu nimesoma na swali hilo halikunijia.

@Mwanaseminari81 ile kadi nimeiandika kwenye daftari, nitaitumia hata isipokuwa kwenye hotuba.

Kuna anayeijua Iten kwa karibu? Najua majina, sijui shule.

---

Mdau wa Riadha

Mwalimu, mimi nimekulia upande wa Keiyo, na barabara ya Iten naijua kwa miguu. Kabla ya hadithi naomba nisahihishe mambo mawili.

La kwanza, St. Patrick's si shule ya binafsi. Ni shule ya umma, Kanisa Katoliki ndilo mfadhili wake. Waliijenga mabruda mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini walimu wanalipwa na serikali na wanafunzi huchaguliwa kama shule nyingine za umma. Ukitaja kama ya binafsi atatokea Mkenya mmoja ukumbini akusahihishe mbele ya watoto.

La pili, watu wengi husema David Rudisha alisoma St. Patrick's. Hapana. Alisoma Kimuron, ambayo nayo iko Iten. Aliyemfundisha mbio ndiye wa St. Patrick's, Bruda Colm O'Connell.

Sasa huyu Bruda. Alifika 1976 kutoka Ireland kufundisha jiografia, akidhani atakaa muda mfupi. Riadha hakuijua. Aliyekuwa akifundisha mbio pale ni Mwingereza Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyepata shaba ya mita 10,000 Olimpiki ya Montreal mwaka huo huo. Foster alipoondoka, timu ikabaki kwa mwalimu wa jiografia. Akaanza kujifunza kwa kuwatazama vijana wenyewe wakikimbia: nani anakanyaga vipi, nani anakaza mabega akichoka. Baadaye akawa mkuu wa shule hadi 1993. Uongozi aliuacha, Iten hakuiacha.

Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa bonde la Kerio. Njia ni za udongo mwekundu. Asubuhi saa kumi na mbili, kabla jua halijapasha, unasikia nyayo kabla ya kuona watu. Wanapita kwa makundi, hakuna anayeongea, halafu vumbi linabaki limening'inia barabarani kama ukungu. Sisi watoto tulikuwa tukiwakimbilia nyuma hadi kona ya kwanza, pumzi zikiisha tunarudi na ndoo zetu za maji.

Waliosoma St. Patrick's nitakutajia wachache. Ibrahim Hussein, Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, 1987, kisha Boston mara tatu. Peter Rono, dhahabu ya mita 1500 Seoul 1988, ana miaka 21. Matthew Birir, dhahabu ya kuruka viunzi na maji mita 3000 Barcelona 1992, siku Wakenya walipochukua medali zote tatu. Wilson Kipketer, bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu, akiikimbilia Denmark.

Huyo Kipketer mwaka 1997 aliweka rekodi ya dunia kule Cologne, 1:41.11. Ikakaa miaka 13. Aliyeivunja, Berlin, Agosti 2010, ni Rudisha kwa 1:41.09. Kocha wa Rudisha nani? Yule yule mwalimu wa jiografia aliyemlea Kipketer akiwa mwanafunzi. Rekodi ya dunia ilitoka kwa mwanafunzi wake mmoja ikaenda kwa mwingine. Miaka miwili baadaye, London, Rudisha akaishusha hadi 1:40.91.

Mama wa Wanne ameuliza la maana kuliko sote, na jibu lake liko hapo hapo Iten. Mwaka 1989 Bruda alianza kuwaleta wasichana kwenye kambi za mazoezi wakati wa likizo, pale kwenye shule ya wavulana. Siku hizo msichana wa sekondari anayekimbia alikuwa akiulizwa ataolewa lini. Lydia Cheromei alipita kwenye kambi hizo, na mwaka 1991 akawa bingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa vijana akiwa na miaka 13. Sally Barsosio naye. Mwaka 1997 kule Athens alichukua dhahabu ya mita 10,000, akawa Mkenya mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa dunia uwanjani. Kisha Janeth Jepkosgei, dhahabu ya mita 800 Osaka 2007.

Ukiingia uani pale shuleni utaona miti. Mwanafunzi akiwa bingwa anapanda mti, na jina lake linawekwa kwenye mti wake. Kivuli wanachokaa wanafunzi wa leo ni cha watu hao.

---

Jicho la Pembeni

Kwa Iten nanyamaza. Ila hata hapo kuna mwinuko, kuna mazingira, kuna watoto waliokuwa wakitembea kwenda shule umbali mrefu. Mwalimu awaambie na hilo.

---

Mdau wa Riadha

Awaambie. Ila mwinuko ulikuwepo kabla ya 1976, na shule nyingine nyingi ziko juu kule kule.

---

Parokia ya Zamani

Nimechelewa kuingia kwenye mada, naomba nami niseme juu ya St. Anthony, kwa sababu naona imeachwa nyuma kimya kimya na roho inaniuma.

Mwalimu ameuliza hadithi ya shule iliyofungwa ataipelekaje kwa watoto. Mimi nilisoma shule ya parokia iliyofungwa. Sitaitaja. Tuliitwa siku ya Alhamisi, tukaambiwa muhula ujao mtafutiwe pengine. Kombe letu la voliboli lilikuwa juu ya kabati ya mhazini. Sijui liko wapi leo. Kwa hiyo najua kwamba shule kufungwa hakufuti kilichofanyika ndani yake, lakini pia najua kunahitaji maelezo.

Miaka ya katikati ya 1960 shule za Kikatoliki Marekani zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5. Leo hawafiki milioni 2. Zamani walimu walikuwa masista na mabruda, wanaishi nyumba moja ya watawa na kupokea posho ndogo tu. Miito ilipopungua, nafasi zao zikashikwa na walimu wa kawaida wenye familia, na mishahara yao lazima ilipwe. Wakati huo huo waumini wengi wakahama katikati ya miji kwenda vitongojini, na sadaka ya parokia ikahama nao. Shule ya mjini ikabaki na watoto ambao wazazi wao hawawezi kulipa ada inayotosha. Power Memorial ya Alcindor, pamoja na jina lake lote, ilifungwa 1984.

St. Anthony ilidumu miaka 65 katika hali hiyo. Pengo la ada lilizibwa na wafadhili, na Hurley mwenyewe alizunguka kuchangisha. Ilipofungwa ilikuwa na wanafunzi chini ya 200. Shule ya wanafunzi mia na kitu, bila ukumbi, iliyokuwa inapeleka karibu wahitimu wake wote chuo! Hurley aliingizwa kwenye jumba la heshima la mpira wa kikapu mwaka 2010, akiwa kocha wa sekondari ambaye hajawahi kufundisha chuo wala timu ya kulipwa. Na mwanawe Dan, aliyecheza kwenye timu ya baba yake, ameipa Connecticut ubingwa wa vyuo wa 2023 na 2024.

Sijakuambia uichague. Nimeona si vizuri ipite bila mtu wa kuisimamia.

---

Mwanaseminari81

@Parokia ya Zamani pole sana kwa hilo kombe. Umesema vizuri.

Kuna kitu nimekiona nikisoma maandishi yenu yote pamoja. Wootten, historia. Ladouceur, dini. Bruda Colm, jiografia. Watatu kati ya wanne walikuwa darasani na chaki asubuhi, na wa nne alishinda mahakamani na vijana wenye matatizo. Hakuna aliyeajiriwa kuja kuleta mataji. Mwalimu, hili linakuhusu wewe kuliko wanafunzi.

---

Mwalimu wa Zamu

Wakuu, nimesoma kila neno, mengine mara mbili. Nimetoa uamuzi, na nataka nieleze nilivyofika.

Nilianza na St. Anthony kwa ajili ya ukumbi wa bingo. Bado naipenda, na baada ya alichoandika Parokia ya Zamani naipenda zaidi. Lakini niliipenda kwa sababu inafanana na uwanja wangu. Nilikuwa natafuta wa kunielewa mimi na saruji yangu iliyopasuka.

De La Salle kwa dakika 20 haitoshi. Nitamaliza nusu ya muda nikieleza kanuni za mchezo. Kadi zake, kama nilivyosema, nazichukua. Tutaanza na timu ya netiboli na ya soka muhula huu, kila mmoja na kadi yake.

DeMatha karibu inishinde kwa ile raketi.

Nimechagua Iten. Aliyenifikisha hapo ni Mama wa Wanne na binti yake mrusha mkuki. Nikisimama mbele ya ukumbi ambao zaidi ya nusu ni wasichana, nataka nitaje majina matatu ya wanawake na miaka yao, niwaeleze kwamba walifanya mazoezi kwenye shule ambayo haikujengwa kwa ajili yao, kwa sababu mwalimu mmoja aliwafungulia geti wakati wa likizo. Kuhusu kuwa ya umma: mkuu wa shule alisema ya Kikatoliki, hakusema ya binafsi. Nitalitaja wazi ili Mkenya aliyeko ukumbini akae kwa amani.

Nitaanza na hizo namba mbili, 1:41.11 na 1:41.09, ubaoni, bila jina la mtu. Nitawauliza tofauti ni ngapi. Wataona ni sehemu mbili za mia za sekunde. Kisha nitawaambia zilichukua miaka 13, na kwamba namba zote mbili ni za wanafunzi wa mwalimu mmoja wa jiografia. Hapo nitakuwa nimewapata.

Na nimeongea na mtunza bustani. Ametenga miche miwili ya mkangazi. Msichana na mvulana watakaoongoza kwa alama siku hiyo watapanda, kando ya uwanja upande wa magharibi, ambako jua la saa tisa linawaunguza watazamaji kila mwaka.

@Kikapu Daima raketi sina, lakini mazoezi ya kikapu ni Jumatatu na ufagio mrefu upo.

---

Kikapu Daima

Ufagio unafaa kabisa mkuu. Mpe aliye mrefu kuliko wote, na mwambie asiushushe hata mkono ukichoka. Wengine wasirushe karibu. Waanzie hatua tano kutoka kwenye pete, ndipo upinde utakapotoka wenyewe.

---

Mama wa Wanne

Mwalimu, Mungu akubariki. Nimemsomea binti yangu hapo penye majina matatu. Ameniuliza yule wa miaka 13 alikimbia umbali gani.

---

Mdau wa Riadha

Mama, mwambie ni mbio za nyika, kilomita nne na ushee, uwanja wa Antwerp, Ubelgiji.

Mwalimu, jambo moja la miti. Jina usiliandike kwenye kibao cha mbao, mchwa wataanza nacho kabla mche haujashika. Tafuta kipande cha bati nene, mwambie fundi atoboe herufi kwa msumari: jina, mchezo, mwaka. Na usikipigilie kwenye mti wenyewe, kisimike chini kwenye nguzo fupi, kwa sababu mkangazi hunenepa.